Maji Yaliyobaki Meupe

"Shangazi, kwani maji yanauma?"

Nilimwuliza hivyo nikiwa darasa la pili, siku niliyomkuta jikoni kwake akiitazama bilauri ya maji kama mtu anayemtazama nyoka asijue amekufa au amelala. Alikuwa ametia kidonge kidogo ndani. Mimi nilikuwa na kiu tu. Maji yakaanza kugeuka rangi ya waridi; ndipo akashusha pumzi, akayamwaga, akajaza mengine kutoka bomba lile lile, akanipa. "Kunywa," akasema. Swali langu hakulijibu, ila alinikodolea macho kooni mpaka nilipomaliza tone la mwisho.

Mtamboni alikofanya kazi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Pua. Kazi yake ilikuwa kulinda pampu za dawa. Maji ya mto yalikuja mekundu kwa tope, yakatulizwa kwenye mabwawa ya saruji, yakachujwa kwenye mchanga, na mwisho kabisa, kabla ya kuingia bomba kubwa la mji, yakatiwa klorini ya kuua vijidudu. Geji ilikuwepo ukutani, yenye mshale na kioo kilichopasuka pembeni, lakini msimamizi alipoingia asubuhi hakuitazama. Alimtazama yeye.

"Pua, leo vipi?"

Naye anavuta hewa kama anayeonja mchuzi. "Imezidi kidogo, mzee."

Baada ya muda mshale nao unakubali, kwa kujikokota, kama shahidi aliyeletwa kwa nguvu.

Mji mzima ulikuwa na mazoea yake: kulaza maji. Klorini haikai. Ukiyaacha maji wazi usiku kucha, asubuhi dawa imeruka na harufu imekwenda zake. Basi watu walilaza maji ya chai, maji ya kumwagilia maua, maji ya kuogeshea kitoto kichanga. Kila jiko lilikuwa na ndoo isiyofunikwa. Na mtu akimwuliza Shangazi, ambaye ndiye mwenye dawa, alijibu kama wote wanavyojibu: "Yalaze tu. Asubuhi yako safi." Hakuwa anadanganya. Kwa miaka yote hiyo lilikuwa neno la kweli.

Lakini mji ulikua. Nyumba za mwisho, kule bomba linakoishia, zilipokea maji ambayo dawa yake imeishia njiani, na watoto wa huko hawakuacha kuharisha. Ofisi ikaamua kubadilisha. Klorini ingechanganywa na amonia kidogo, na mchanganyiko huo unaitwa kloramini. Ni dawa mpole, haina harufu kali, haina papara ya kuruka, inatembea na maji mpaka bomba la mwisho. Ukiyanywa, tumbo linaimaliza nguvu kabla haijafika popote.

Mkufunzi aliyeletwa kuwafundisha alisema mengi kwa siku chache. Vipimo, mpangilio wa kutia, hatari ya kuzidisha. Katikati ya hayo akasema pia kwamba mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo zina taratibu zake, ila wasiwe na shaka, hospitali imeshaambiwa. Shangazi alisikia. Alikuwa anawaza mitungi ya amonia iliyopangwa nyuma ya banda, maana ile ndiyo iliyomnyima usingizi. Aliambiwa ikivuja inakata pumzi. Neno la hospitali likapita sikio hili likatokea lile.

Siku ya kuifungua mara ya kwanza alishika gurudumu la vali kwa mikono miwili. Wenzake walisimama mbali, wakijifanya wana kazi huko.

"Pua, ukianguka tunakuja!"

"Mtakuja mkikimbia kwenda wapi?"

Akafungua. Haikuvuja. Ila baada ya muda kikatokea kitu ambacho hakukitegemea: harufu ikaondoka. Ile harufu aliyoizoea, iliyomfuata mpaka kwenye mto wa kulalia, ikafifia kwenye chumba kizima. Wenzake wakapiga makofi. Yeye nywele zilimsimama, kama mama anayegutuka si kwa sababu mtoto amelia, bali kwa sababu amenyamaza.

"Basi Pua kazi imekwisha," mmoja akamtania. "Sasa tunatafuta Masikio."

Akacheka nao. Lakini kuanzia siku hiyo alitembea na vidonge vya kupimia mfukoni, hata akiwa nyumbani, vile vipya walivyoletewa, vinavyogeuza maji waridi dawa ikiwamo, maana pua haikumwambia kitu tena.

Sasa nimtaje kaka yake, ambaye ni baba yangu. Wazazi wao walifariki Shangazi akiwa mdogo, na kaka ndiye aliyemlea: alimfungia vifungo vya sare, akamsuka nywele vibaya mpaka shuleni wakamcheka, akamsimamia siku ya kuolewa na siku ya kufiwa na mume. Kwa Shangazi, kaka alikuwa baba, mama na ukuta wa nyumba. Kisha figo za kaka zikachoka. Ikawa mara kadhaa kila wiki anakwenda hospitali kulala kando ya mashine, damu yake inatoka kwa mrija mmoja, inaoshwa, inarudi kwa mwingine.

Inaoshwa na nini? Na maji. Hilo Shangazi alilijua, maana siku za mwanzo alimsindikiza, na akamkuta fundi wa mashine uani akihangaika na tangi. Alikuwa fundi makini, mwenye kalamu sikioni na viatu vilivyopigwa rangi.

"Dada, wewe si ndiye wa maji? Hii dawa yenu inanisumbua. Chujio langu la mkaa ni moja tu, na limezeeka."

"Yalaze," Shangazi akamwambia, akifurahi kuwa na la kusaidia. "Jaza tangi jioni, uache mfuniko wazi kidogo. Asubuhi pitisha kwenye mkaa, halafu pima."

Fundi alishukuru. Tangu hapo akafanya hivyo bila kukosa hata mara moja.

Asubuhi moja, dawa mpya ikiwa ndiyo kwanza imefika mitaa yao, Shangazi alikuwa anaanika nguo aliposikia makelele upande wa pili wa ukuta. Pale palikuwa na kibanda cha kinyozi, jirani yake na mtani wake wa kila siku. Kinyozi alifuga samaki wawili wa rangi ya chungwa ndani ya tangi la kioo, akawaita Maharusi. Wateja walipenda kuwatazama wakati wa kunyolewa, maana kinyozi mwenyewe alikuwa na domo refu na mtu alihitaji pa kuelekeza macho.

"Pua! Njoo uone ulichofanya! Umeniulia Maharusi!"

"Umewachosha kwa maneno," Shangazi akajibu akiruka kizingiti. "Hata mimi nikiishi humu nitakufa."

Kinyozi hakucheka. Samaki wote wawili walielea ubavu, midomo wazi, mashavu yao yamegeuka rangi ya kahawa.

"Jana jioni niliwabadilishia maji," akasema. "Lakini nililaza! Ndoo ilikaa wazi tangu juzi, kama ulivyonifundisha."

Shangazi akainama juu ya tangi, akanusa. Hakuna kitu. Akanusa ndoo. Hakuna. Akachota maji ya ndoo kwenye kikombe cha sabuni ya kunyolea, baada ya kukisuuza kwa maji yale yale, akatia kidonge kutoka mfukoni. Wakasimama wanasubiri, kinyozi na wembe mkononi, mteja na povu upande mmoja wa uso.

Maji yakageuka waridi.

"Kumbe haikuruka," Shangazi akasema polepole. "Hii mpya hailali. Ukiilaza inakaa macho."

"Sasa binadamu tunaokunywa?"

"Wewe unayapeleka tumboni. Samaki anayavuta mashavuni, yanaingia moja kwa moja kwenye..."

Hakumalizia. Neno lililofuata lilikuwa "damu." Maana palikuwa na mtu mwingine mjini ambaye maji yalikutana na damu yake bila kupitia tumboni, na leo ilikuwa siku yake ya mashine.

Kinyozi anasimulia kwamba hajawahi kuona uso wa mtu ukibadilika hivyo. Anasema ulikauka, kama nguo iliyokamuliwa.

Shangazi alipiga simu ya kaka. Akapokea mama yangu.

"Ameiacha hapa, wifi. Kule hawataki simu. Ametoka mapema leo, hata chai hakumaliza. Mbona unahema hivyo?"

"Hakuna kitu, wifi."

"Wifi, nakujua. Kuna nini?"

"Nitakupigia." Akakata, maana sauti ilikuwa inataka kumsaliti. Akapiga simu ya hospitali. Iliita, ikaita, ikakata. Akapiga tena. Ikaita kwenye chumba ambacho bila shaka kilikuwa na mtu anayekunywa chai.

Mwendesha pikipiki aliyemchukua alidhani anamwahi mzazi. "Ni mjukuu, mama?"

"Kimbiza!"

"Nakimbiza, lakini nifike na wewe nyuma."

Alikuwa amejaa hofu mpaka akawa anaona vitu vidogo vidogo tu: uzi uliolegea kwenye kola ya kijana yule, kibandiko kilichochanika kwenye kioo cha pembeni. Moyoni alikuwa anapiga hesabu asiyoitaka. Jana jioni fundi amejaza tangi. Ameacha mfuniko wazi. Asubuhi amepitisha kwenye mkaa ule mmoja, uliozeeka. Halafu amepima. Amepima! Shangazi akalishika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika jani. Fundi ni makini, hupima kila siku. Kama dawa ipo, ataiona.

Kwenye njia panda barabara ilikuwa imefungwa. Shimo refu, mabomba mapya ya bluu yamelazwa kando, na ndani ya shimo wamo watu wa ofisi yake mwenyewe, kofia vichwani.

"Pua! Shuka unuse hapa!" mmoja akapiga kelele, na wengine wakaangua kicheko.

Akashuka. Lakini hakunusa. Akaruka shimo kwa sketi yake ya nyumbani, kandambili moja ikabaki kwenye tope, akaendelea kukimbia. Kicheko kikakatika nyuma yake.

Chumba cha mashine kilikuwa mwisho wa korido, na mlangoni palikuwa na kibao cha kuvua viatu. Sista wa zamu, mama mnene mwenye sauti ya upole, akamzuia.

"Mama, viatu."

"Sina," Shangazi akasema, na kweli hata ile kandambili nyingine alikuwa ameipoteza. Akachungulia juu ya bega la sista. Vitanda vilikuwa vitatu. Cha dirishani alikuwa kaka yake, na mashine ilikuwa inazunguka.

Fundi akatokea chumba cha pembeni, kalamu sikioni, akatabasamu. "Dada wa maji! Karibu."

"Umepima leo?"

"Sijawahi kuacha." Akamwonyesha kichupa chake, amekinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. "Meupe peee. Nilisikia redioni kwamba dawa imebadilishwa, nikasema acha nipime hata mara mbili. Tena hii mpya ni nzuri zaidi, maana haionekani kabisa!"

Shangazi alitaka kucheka kwa furaha. Akatazama kichupa, maji yamekaa kimya, meupe kama hayajawahi kuonja dawa. Halafu akaona karatasi ya kidonge juu ya meza. Ilikuwa ile ya zamani, waliyotumia mtamboni miaka yote.

"Kidonge gani umetumia?"

"Kile kile."

Kidonge kile kinaulizia klorini iliyo huru peke yake. Klorini iliyofungwa na amonia hakiijui. Ni kama kumwuliza mlinzi kama ameona mtu mwenye kofia, na mwizi amevua kofia. Fundi alipima mara mbili, kwa uaminifu wote, na mara zote mbili maji yalinyamaza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Akatoa kidonge chake. Fundi akamfungulia karatasi. Wakatia kwenye kichupa kile kile, wakasubiri. Kitandani kaka alikuwa anasema na bibi wa kitanda cha pili.

"Leo kichwa kinaniuma kama nimegongwa na mlango."

"Na mimi pumzi inakatika," bibi akajibu. "Tumezeeka, baba."

"Zeeka mwenyewe, bibi."

Maji kwenye kichupa yakaanza kugeuka. Si sana. Rangi hafifu, kama ufizi wa mtoto mchanga, lakini ilikuwepo.

"Sista," Shangazi akasema. "Zima. Zima zote."

Sista hakusogea. "Nani anasema?"

"Maji yana dawa. Inaingia kwenye damu yao."

"Fundi amesema safi."

Wote wawili wakamtazama fundi. Alikuwa ameshika kichupa kwa mikono miwili, macho kwenye ile rangi.

"Sikiliza, mama," sista akasema, na sasa upole ulikuwa umemtoka. "Nikizima hivi ninavyokuambia, damu iliyo kwenye mirija siwezi kuwarudishia. Naimwaga. Watu hawa damu wanayo kidogo. Ukiwa umekosea, nimewamwagia bure. Una hakika?"

Hapo ndipo Shangazi alipoogopa kuliko kote. Ameniambia kwamba barabarani alikuwa anaogopa kuchelewa, lakini pale mlangoni alijiogopa mwenyewe. Pua yake ilikuwa imemdanganya asubuhi ile. Neno lake, "yalaze," ndilo lililowafikisha hapo. Na sasa mtu anamwomba neno jingine, na juu ya neno hilo inaning'inia damu ya kaka yake. Akanusa hewa ya chumba, kwa mazoea tu. Spiriti na plastiki. Hakuna msaada.

Akatazama mrija uliotoka mkononi mwa kaka. Damu aliijua ilivyo. Hii haikuwa nyekundu. Ilikuwa rangi ya kahawa, kama mashavu ya Maharusi.

"Nina hakika," akasema. "Zima."

Sista akautazama mrija yeye naye. Hakuuliza tena. Akabana mirija kwa vibanio, tak, tak, kitanda baada ya kitanda, akapiga kengele ya daktari kwa kiwiko. Mashine zikalia zote kwa pamoja, mlio mwembamba wa kutoboa masikio. Kaka akageuza kichwa, midomo yake ya rangi ya majivu, akamwona dada yake peku, ana tope mpaka magotini.

"Nani amekufa?" akauliza.

Shangazi akajisogeza ukutani kuwapisha wauguzi.

Wakawatia oksijeni, wakawapeleka wodini, wakatafuta damu. Shangazi na fundi walikaa kwenye benchi la korido, katikati yao nafasi ya mtu mmoja. Kila mlango ulipofunguka walisimama wote, kisha wakakaa. Mama yangu alifika akiwa amevaa khanga juu chini. Akamtazama wifi yake, akakaa kwenye ile nafasi ya katikati, akamshika mkono.

"Mimi ndiye niliyekuambia ulaze," Shangazi akamwambia fundi mwishowe.

"Uliniambia pia nipime," fundi akasema. "Nilipima, dada." Akafunika uso.

Hofu ile haikuisha siku hiyo wala ya pili. Bibi wa kitanda cha pili ndiye aliyepata nafuu kwanza, akaanza kudai uji. Wa kitanda cha tatu akafuata. Kaka alibaki amelala, anapumua juu juu, na Shangazi alimkalia kando ya kitanda akihesabu pumzi kama alivyokuwa akilinda pampu. Alipofumbua macho sawasawa na kumtambua, sauti ilikuwa ya kukwaruza.

"Ulipokuwa mdogo nilikutuma maji, ukaniletea yenye viluwiluwi."

"Kaka, usiseme. Pumzika."

"Nikayanywa hivyo hivyo, usije ukalia. Sasa umekua, umeniletea yenye dawa." Akavuta pumzi. "Safari ijayo nitajichotea mwenyewe."

Shangazi akalia mpaka muuguzi akaja kumtoa nje.

Hospitali ikafunga machujio mapya mawili makubwa ya mkaa, moja nyuma ya jingine, na fundi akapewa vidonge vinavyoijua dawa mpya. Kloramini haikuondolewa, na haikustahili kuondolewa. Kule bomba linakoishia watoto waliacha kuharisha. Shangazi aliomba ruhusa, akawa anapita kwa miguu mlango kwa mlango kuwaambia wafuga samaki na wenye wagonjwa wa figo kwamba mambo ya kulaza maji yamekwisha. Wengine walimcheka. "Si wewe uliyetufundisha?" walimwambia. "Ndiyo, ni mimi," alijibu, na akarudia kueleza. Kinyozi alinunua samaki wengine, akawaita Wajane, ili wasijidanganye.

Jina la Pua lilibaki, ila yeye mwenyewe hakunusa tena. Alipima. Alipima nyumbani, msibani, kwenye harusi za watu, mpaka mama yangu akawa anamwambia, "Wifi, hata kwangu?" Na kila mara, kidonge kikiwa kinayeyuka, aliyatazama maji kama anayemtazama nyoka.

Sasa niko kidato cha tatu. Juzi mwalimu wa kemia alituonyesha kidonge kinavyogeuza maji, darasa zima likasema "aaah!", na mimi nikakumbuka bilauri. Jumapili Shangazi alikuja kwetu. Baba alikuwa sebuleni anabishana na redio. Nilimkuta jikoni, kichupa mkononi, anasubiri, nikamwuliza upya swali langu la darasa la pili. Nilifikiri atacheka.

Hakucheka, wala hakuondoa macho kwenye kichupa.

"Maji hayaumi, mwanangu," akasema. "Yakigeuka waridi siogopi, hapo nimeshajua kilichomo, nitajua pa kuyapeleka. Naogopa yakibaki meupe. Hapo sijui kama kweli hayana kitu, au mimi ndiye niliyeuliza swali ambalo si lake."